Shina Linalonesa

Kinga, yaani baiskeli kwa Kiswahili cha huko, ikijaa haipandwi. Kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare, kama kwenye njia nyingi za kusini mwa Maniema, baiskeli ya mzigo husukumwa na mtu anayetembea kando yake, na kabla ya kusukumwa hutengenezwa upya. Itazame kuanzia mbele. Kwenye mkono wa kushoto wa usukani umefungwa mti mnyoofu kwa vipande vya tyubu kuukuu, vikavutwa hadi vikakakamaa, na mti umejitokeza nje kiasi cha mtu kuushika bila kuinamia mzigo. Mti wa pili umesimama wima nyuma ya tandiko. Msukumaji hutembea upande wa kushoto: mkono wa kushoto unaongoza kwa mti wa kwanza, wa kulia unasukuma na kuzuia kwa mti wa pili. Ubavuni zinaning'inia bidoni za mawese. Bidoni ya lita 20 ikijaa mawese ina kilo 18 na ushei, kwa hiyo sita ni takriban kilo 109 kabla hujahesabu baiskeli yenyewe, sufuria na chakula cha njiani. Wengine huondoa pedali na cheni kabisa, maana chuma kisichofanya kazi ni mzigo usiolipiwa.

Nimetanguliza mti huo wa kushoto kwa sababu sura hii inahusu kifaa kingine kinachokaa hapohapo mbele, kilichobuniwa mbali na Maniema kwa ajili ya mtu wa aina nyingine. Shina la usukani ni kile kipande chenye umbo la namba saba kinachoingia kwenye shingo ya baiskeli na kuushika usukani. Kwa miaka michache, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, viwanda vya Marekani viliuza mashina yenye kiungo katikati na mpira au springi ndani yake, ili usukani ubonyee tairi la mbele linapogonga jiwe, kisha urudi juu. Baiskeli za milimani za enzi hiyo bado zipo duniani, na baiskeli ya mtumba haichagui inakoishia. Ikikufikia yenye shina la namna hiyo, au ukipewa shina peke yake, utataka kujua lifungwe wapi, lifungweje, na lifungiwe nani. Swali la mwisho ndilo zito. Shina linalonesa humtumikia mtu aliyepanda, na humtumikia yeye peke yake. Akishuka na kuanza kusukuma, linamgeuka.

Tuanze na walioliunda. Mwaka 1989 Paul Turner alitoa uma wa mbele wenye mafuta na hewa, RockShox RS-1, na mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa nao. Uma ule ulikuwa ghali, na ulihitaji fundi anayejua vali na sili za mafuta. Shina linalonesa lilikuwa njia ya mkato ya wasiokuwa na fedha hizo: unaacha uma wa chuma ulivyo, unabadilisha kipande kimoja tu. Bob Girvin aliuza shina lake, Flexstem, lenye bawaba moja na kipande cha mpira mgumu kilichobanwa kati ya mkono wa shina na kitako chake. Ukigonga, mkono unazunguka kwenye bawaba na mpira unabanwa. Kampuni ya Allsop, iliyouza kwa jina la Softride, ilifuata njia nyingine: fito mbili sambamba, viungo vinne na springi ya chuma, hivyo usukani unashuka bila kubadili pembe yake.

Tofauti hiyo ndogo inahisiwa mkononi. Kwenye bawaba moja, usukani unaposhuka pia unajiviringisha kwenda mbele, na kifundo cha mkono kinapinda kila unapopita kwenye mzizi. Kwenye fito sambamba kifundo kinabaki kilivyo, lakini sasa una viungo vinne vya kuchakaa badala ya kimoja. Mimi ningechagua bawaba moja kwa mji usio na duka la vipuri. Kiungo kimoja kikilegea unakijua mara moja na unajua pa kupiga spana.

Mashina hayo hayakudumu sokoni. Uma za kunesa zilishuka bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mfumo mpya wa shingo, Aheadset, ambamo shina halizami tena ndani ya bomba la uma bali hulikumbatia kwa nje. Mashina ya zamani yenye mguu wa kuzama hayaingii hapo. Wazo lenyewe limerudi miaka ya karibuni kwa waendesha baiskeli wa barabara za changarawe, kwa mfano kwenye shina la ShockStop la kampuni ya Redshift, lenye vipande vya mpira vinavyobadilishwa kulingana na uzito wa mtu.

Sasa rudi njiani. Kasongo na Kabambare zimetengana zaidi ya kilomita 100 hata ungeruka moja kwa moja hewani, na mtu wa ardhini haruki. Njia hii ni ya zamani kuliko gurudumu lolote lililopita juu yake. Kasongo ilikuwa makao ya mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji kuelekea Nyangwe na Kasongo. Mpunga ambao Maniema inajulikana nao uliletwa na watu wa misafara hiyo, na Kiswahili kinachozungumzwa huko kilishuka pamoja nao. Mzigo ulikaa kichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao wakiwa watumwa, na walipita wasafiri kama Livingstone, Cameron na Stanley wakayaandika hayo kwa nyakati zao. Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis liliuteka mji wa Kasongo. Baadaye barabara za kikoloni zilipitisha malori. Kisha matengenezo yakakoma, vikaja vita vya 1996 na 1998, na sehemu kubwa za barabara zikarudi kuwa vijia vya upana wa mtu na mzigo wake. Mwaka 2004 mwandishi wa habari wa Uingereza, Tim Butcher, alivuka kutoka Kalemie kupitia Kabambare hadi Kasongo kwa pikipiki, na katika kitabu chake *Blood River* cha mwaka 2007 ameeleza nchi ambamo magari yalikuwa yametoweka na biashara ikibebwa na watu wanaosukuma baiskeli.

Kijia cha namna hiyo ndicho kilichoiunda kinga ya Maniema: udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha, mizizi, mawe, na madaraja ya magogo mawili au matatu ambapo gurudumu likipotea kidogo mzigo wote umekwenda mtoni. Hapo ndipo shina linalonesa linapopimwa.

Fikiria mti ule wa kushoto. Kazi yake ni wenzo: kadiri ulivyo mrefu, ndivyo nguvu ndogo ya mkono inavyoweza kuligeuza gurudumu la mbele lililolemewa. Wenzo hufanya kazi ukiwa umeshikamana na kile unachokigeuza. Ukiweka kati yake kiungo chenye mpira, sehemu ya kila msukumo inaishia kuubana mpira badala ya kuligeuza gurudumu. Zaidi ya hapo, msukumaji hausukumi mti kwa upande tu. Anauegemea. Kwenye mteremko huweka uzito wa mwili juu yake ili kinga isianguke upande wa pili. Shina la bawaba moja likiegemewa hivyo linazama, linabaki limezama, na bawaba iliyotengenezwa kubeba viganja viwili vya mtu aliyekaa sasa inapindishwa kwa upande na wenzo mrefu usiokuwa katika hesabu za mhandisi wake. Bushi za bawaba zinalika upande mmoja. Baada ya muda utaona usukani unageuka kidogo kabla gurudumu halijageuka, na juu ya magogo mawili hiyo "kidogo" ni nyingi mno. Fundi wa Kasongo ataliweka mkononi, alitikise mara moja na kukwambia, "Papa, hii iko inacheza," na hapo mazungumzo yamekwisha.

Tena kuna jambo ambalo hata wauzaji wa miaka ile hawakulisema kwa sauti. Shina hili halilindi baiskeli. Uma wa kunesa hukaa kati ya gurudumu na fremu, hivyo fremu nzima na mzigo wake hupata nafuu. Shina linalonesa liko juu ya fremu, kati ya fremu na mikono. Kila kishindo cha jiwe kimeshapita kwenye tairi, rimu, spoku, uma na gololi za shingo kabla hakijalifikia. Bidoni za nyuma hazijui kama shina lipo. Ukitaka kuzipumzisha hizo, fungua vali upunguze upepo kidogo kwenye tairi pana, au kaza upya kamba ili mzigo usicheze. Tairi ndiyo springi ya kwanza ya baiskeli yoyote, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.

Wavietnam walifikia jibu hilohilo bila kushauriana na mtu wa Maniema. Mwaka 1954, katika kampeni ya Dien Bien Phu, maelfu ya baiskeli zilisukumwa milimani zikibeba mchele na risasi. Nazo zilifungwa mti wa kuongeza usukani na mti wa kusimama nyuma ya tandiko, na uma zikaimarishwa kwa vyuma na miti. Msukumaji mmoja, Ma Van Thang, anatajwa kufikisha kilo 352 kwa safari moja. Hakuna aliyewaza kulegeza usukani.

Na kuna mfano wa siku hizi unaonichekesha kidogo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, hutengeneza baiskeli iitwayo Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, yenye karia ya kubeba kilo 100. Mwanzilishi wake mmoja, F.K. Day, ni miongoni mwa waliounda kampuni ya vipuri vya baiskeli ya SRAM, na SRAM ndiyo iliyoinunua RockShox mwaka 2002. Mtu mwenye ghala zima la uma za kunesa, alipounda baiskeli ya mzigo, aliipa uma mgumu wa chuma na usukani mgumu. Alijua anamfanyia kazi nani.

Lakini si kila baiskeli ya Kasongo imebeba mawese. Kuna mwalimu, kuna katekista, kuna mfanyabiashara anayerudi na sabuni, chumvi na vitenge kwenye mfuko mmoja. Na kuna muuguzi. Kasongo ina nafasi yake katika historia ya afya ya jamii: tangu mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp iliendesha hapo mradi uliojaribu vituo vidogo vya afya vinavyotegemea hospitali moja, miaka saba kabla ya tamko la Alma-Ata kuhusu afya ya msingi, na mwaka 1981 jarida la *The Lancet* lilichapisha utafiti wa mradi huo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Mfumo wa namna hiyo haukamiliki bila mtu anayetoka kituoni kwenda kijijini. Akipewa baiskeli, anaipanda, kwa saa nyingi, na viganja vyake ndivyo vinavyolipa. Ukikandamiza usukani muda mrefu kwenye njia ya mawe, mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo hubanwa; kidole hicho na cha pete huanza kufa ganzi, na asubuhi ya pili hata kufunga kifungo cha shati ni kazi. Kwa mtu huyu shina linalonesa lina maana. Sanduku lake la chanjo lililo kwenye karia halipati faida yoyote, kama nilivyosema. Mikono ya kuishika sindano inapata.

Basi tumfungie.

Kwanza angalia breki. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani, za Kichina na za Kihindi zinazofuata umbo la Kiingereza, zina breki za fito za chuma zinazoshuka kutoka usukanini, na kwa kawaida usukani na shina ni kitu kimoja kilichounganishwa kiwandani. Hapo usianze. Hata ukikata na kuchomelea, usukani utakaposhuka utazisukuma fito chini na breki ya mbele italegea yenyewe, mahali ambapo ulitaka ishike. Shina hili ni la baiskeli yenye breki za waya.

Na hata waya una masharti. Baiskeli za milimani za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina breki za mikono miwili ambazo waya wake wa mbele hushuka kutoka juu hadi kwenye kamba fupi inayounganisha mikono hiyo, na mara nyingi ganda la waya hukomea kwenye shina lenyewe, kwenye tundu au kapi ndogo. Ganda likikomea kwenye sehemu inayonesa, kila kishindo kinalegeza breki au kinaikaza. Tafuta kishikio cha waya kinachofungwa chini ya nati ya shingo, sehemu isiyonesa, kisha acha ganda la kati ya hapo na mkono wa breki liwe refu kidogo, lipinde bila kuvutwa usukani unaposhuka. Kama baiskeli ina breki za V-brake, ambazo Shimano ilizitoa katikati ya miaka ya 1990, tatizo hilo halipo, kwa kuwa ganda hufika pembeni mwa gurudumu lenyewe.

Pili, pima mguu wa shina. Shingo ya inchi moja hupokea mguu wa milimita 22.2. Shingo ya inchi moja na moja ya nane hupokea 25.4. Kuna na ya inchi moja na robo, iliyopendwa na wachache, inayotaka 28.6. Usichanganye 25.4 ya mguu na 25.4 ya mahali usukani unapobanwa. Ni namba moja kwa sehemu mbili, na imewatesa wengi sokoni. Mguu usioenea usilazimishwe kwa kipande cha kopo la bati. Bati linakaza leo, kesho linasagika, na unagundua umegeuza usukani huku gurudumu likiendelea mbele.

Kulitoa shina la zamani: legeza bolti ya juu mizunguko michache, usiifungue yote. Weka kipande cha mti juu ya kichwa chake na upige kwa nyundo hadi uisikie ikishuka. Hapo kabari ya chini imeachia. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti na uzungushe usukani huku ukivuta. Likikataa, kutu imeshaliunganisha na bomba. Mimina mafuta, acha lilale, rudi kesho. Kabla ya kuingiza shina jipya, paka grisi mguu, kabari na nyuzi za bolti, hasa ikiwa mguu ni wa alumini ndani ya bomba la chuma, maana vyuma hivyo viwili hung'ang'aniana kwa unyevu kuliko chuma kwa chuma, na Maniema haina uhaba wa unyevu. Mguu una mstari uliochorwa wa kina cha mwisho. Mstari ule uzame wote. Shina linalonesa huvutwa zaidi ya lile la kawaida, na mguu uliopandishwa mno huvunjika au kulipasua bomba.

Tatu, mpira. Shina la miaka ya 1990 halitakufikia na mpira mzima. Mpira ule umekuwa mgumu na kumeguka, au umeyeyuka ukawa kama lami. Utoe wote, usafishe nafasi yake, upime. Fundi anaweza kukata vipande vya duara kutoka kwenye mpira wa bushi kuukuu ya springi za gari na kuvipanga hadi vijae. Asitumie tairi lenye nyuzi za chuma, kwani nyuzi hujitokeza na kukwangua alumini. Ugumu upimwe kwa mwenye baiskeli mwenyewe: akiwa amekaa na mikono juu ya usukani, shina lishuke kidogo tu, kama robo ya mwendo wake wote. Likishuka zaidi ya hapo, kwenye mteremko litagota chini kila mara. Lisiposhuka kabisa, umefunga shina zito la kawaida.

Mwisho wa kazi, mtu mmoja akamate breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma, huku wewe umeweka kidole penye kiungo cha shina, kisha penye nati ya shingo. Mchezo wa gololi utausikia chini. Mchezo wa bawaba utausikia juu. Usikaze cha chini kuponya cha juu. Kagua pia pembe ya ndani ambapo mkono wa shina unakutana na mguu: mstari mwembamba mweusi usiofutika kwa kitambaa ni ufa, na alumini iliyopasuka haichomelewi kando ya barabara ikarudi salama. Shina lenye ufa ni la kukata na kutupa, ili asije mwingine akaliokota.

Anabaki mtu mmoja wa katikati, anayekwenda akisukuma na kurudi amepanda. Huyu hakuondoa pedali zake, na akiwa na shina la bawaba moja anaweza kulitumia kwa nusu ya safari. Achonge kipande cha mti mgumu, kavu, kinachoenea penye mpira. Siku ya kwenda na mawese anatoa mpira na kuweka mti, akikaza bolti hadi pasiwe na mwendo wa juu na chini. Mchezo wa pembeni, kama bushi zimelika, hautaondoka kwa mti huo, kwa hiyo abadilishe bushi kwanza au asijisumbue. Akishauza mafuta, anautoa mti, anarudisha mpira, na anafungua mti wake wa kushoto na kuulaza kwenye karia pamoja na mzigo mwepesi wa kurudi. Kazi hiyo inataka spana ya pembe sita inayoenea kwenye bolti ile hasa. Asiondoke Kasongo bila kuwa nayo mfukoni.